Mzee Pengo Aondoka Bila Pengo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kampuni yetu ya vifaa vya michezo, mkuu wa kitengo cha uvuvi, ambaye sote tunamwita Mzee Pengo, alistaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 30 Juni. Kamati ya jarida imenipa mimi, karani wa ghala, kazi ya kumwandikia wasifu huu. Sababu waliyoitoa ni kwamba nimefanya naye kazi kwa karibu kuliko mwingine yeyote. Ni kweli kwa namna yake. Kwa miaka mingi yeye alikuwa mvuvi na mimi nilikuwa samaki.

Habari ya samaki itafuata. Kwanza kuna amri. Mzee Pengo aliposikia kwamba naandika, alishuka ghalani, akakaa juu ya boksi la mipira ya kikapu, akanionya nisithubutu kuandika kwamba ameacha pengo lisilozibika. Alisema maneno hayo huandikiwa marehemu, na yeye bado anapumua, anakula na anadai siku zake za likizo. Nimejitahidi kutii. Lakini msomaji ataona mwenyewe kwamba kusimulia habari za mtu huyu bila kutaja pengo ni sawa na kwenda kuvua bila ndoana.

Aliajiriwa kama muuzaji wa dukani, upande wa mipira na raketi. Upande wa uvuvi ulikuwa rafu chache karibu na mlango wa choo, na kwa maelezo yake mwenyewe alihamishiwa huko kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Hakujua kuvua. Mara ya kwanza alipokwenda kujaribu fimbo alizokuwa akiziuza, alinasa kofia yake, kisha akanasa ya jirani. Hata leo, kiumbe mkubwa kuliko wote aliyewahi kumvua ni mimi, na mimi niliachiliwa.

Ni kwenye rafu zile alipoliona pengo. Chini kulikuwa na fimbo nyembamba na rili za bei nafuu, yaani vile vigurudumu vya kukunjia mshipi, zilizotengenezwa kwa ajili ya visamaki vya bwawani. Juu, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, kulikuwa na rili za chuma za kuvulia samaki wazito, na bei zake zilikuwa za mtu mwenye mashua yake na mtu wa kumwendeshea. Katikati hapakuwa na kitu. Na wateja wake wengi walikuwa watu wa katikati: fundi cherehani, dereva wa lori, walimu, dada mmoja muuguzi wa zamu. Hawa huvua Jumapili kwa raha zao, wamesimama juu ya mawe, na kolekole mzito haulizi mshahara wa mtu kabla ya kumeza chambo.

Jumatatu walikuwa wakirudi dukani na rili zilizovunjika. Mzee Pengo alizifungua palepale kaunta kwa bisibisi yake ndogo. Ndani, gia zilikuwa za plastiki na meno yake yameng'oka. "Huyu naye kibogoyo," alikuwa akisema, kisha anaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeiunda. Siku moja yule dada muuguzi alimuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini kampuni inamuuzia mtu kitu kitakachomkimbia siku ya siku. Mzee anasema swali lile alikwenda nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo.

Tangu hapo, kila mkutano wa wafanyakazi ulipofika kwenye mengineyo, alisimama na kusema sentensi ileile: kuna pengo sokoni. Tulizoea. Wengine wetu tukisikia hivyo tulianza kukusanya vikombe vya chai, maana tulijua mkutano umekwisha.

Jina, hata hivyo, halikutoka mkutanoni. Lilitoka uani, nyuma ya ghala, kabla sijaajiriwa. Alikuwa ameletewa sampuli ya rili ambayo muuzaji aliapa kwamba haivunjiki. Akafunga mshipi kwenye mkokoteni uliojaa vyuma vya kunyanyua, akausukuma mteremkoni, akashika fimbo kama alivyoona kwenye picha. Mkono wa rili ukazunguka kinyume na kumpiga mdomoni. Rili ilipoteza meno yote, yeye akapoteza moja, la mbele juu, kwa hiyo akajitangaza mshindi.

Hakwenda kuliziba. Aligundua kwamba pengo lile lilimpa mluzi mkali, na mluzi ule ukawa kengele ya kampuni nzima. Meneja Mkuu alikuwa akifika getini na kupiga honi hadi achoke, mlinzi yuko ndani anasoma gazeti. Mzee Pengo akipiga mluzi mmoja tu, geti linafunguka.

Baada ya ajali hiyo uongozi ulipiga marufuku mkokoteni. Haukupiga marufuku binadamu. Nilipoajiriwa, Mzee Pengo alikuja ghalani kunikaribisha, akanitazama kutoka juu hadi chini, akazunguka nyuma kuhakikisha, akaniuliza nina kilo ngapi. Nilidhani ananipimia sare. Kumbe nilikuwa nimepandishwa cheo. Kazi yangu ilikuwa kuvaa mkanda wa wanyanyua vyuma, kufungwa mshipi mgongoni, na kukimbia kutoka mlango wa ghala kuelekea getini kwa hasira za samaki aliyenaswa. Yeye alisimama kwenye jukwaa la kupakilia mizigo na kunivuta. Alinikosoa pia. Alisema nakimbia moja kwa moja mno, samaki mwenye akili hupinda.

Mama yangu mzazi, aliyejinyima ili nisomee biashara, siku moja alipita kazini kunisalimia bila kunijulisha. Alimkuta mwanawe ana mshipi mgongoni, anapinda kushoto na kulia, anapiga mateke. Aligeuza akarudi nyumbani. Hadi leo hajaniuliza kitu, nami sijaona pa kuanzia.

Nisije nikamfanya mzee wetu malaika. Rili yake ya kwanza, aliyoruhusiwa kuiagiza kwenye karakana moja ndogo baada ya kuwachosha wakubwa, ilikuwa kichekesho. Kwa kuogopa meno ya plastiki alitaka kila kitu kiwe chuma, hata kishikio. Haikuvunjika, hilo lazima nilishuhudie, kwa sababu siku ile sikusogea hata hatua. Lakini hata yeye hakuweza kuinyanyua fimbo. Dada muuguzi aliishika, akairudisha kaunta kwa mikono miwili, akasema kwa uzito ule samaki ndiye atakayemvua yeye.

Cha ajabu ni kwamba ziliuzwa zote. Waashi walizinunua kwa ajili ya kupandishia ndoo za udongo wa kujengea hadi ghorofani. Mmoja alirudi kushukuru, akauliza kama tunayo kubwa zaidi. Kampuni ikafurahia mauzo, kisha ikasitisha mradi kwa hoja kwamba sisi hatuuzi vifaa vya ujenzi. Aliyecheka kuliko wote ni mwenyewe. Alijitangaza kuwa mvuvi wa kwanza kuvua ghorofa.

Alipocheka hivyo wengi tulidhani ameshakubali yaishe. Hatukumjua.

Miaka miwili iliyopita tulipata Meneja Mkuu mpya. Katika mkutano wake wa kwanza tukafika kwenye mengineyo, na Mzee Pengo akasimama. Kwa heshima ya mgeni aliipamba ile sentensi. Alisema kuna pengo ambalo limekuwa wazi kwa muda mrefu, kwamba linatuaibisha mbele ya wateja, na kwamba anaiomba kampuni imsaidie kuliziba. Kisha akatabasamu, ili asionekane analalamika.

Meneja aliliona tabasamu. Akaguswa sana. Akasema ustawi wa mfanyakazi ndio msingi wa kila kitu, akamshukuru mzee kwa ujasiri wa kulisema jambo nyeti kama lile mbele za watu, na kabla chai haijapoa Afisa Utumishi alikuwa amempangia miadi kwa daktari wa meno, kwa gharama za bima. Sisi tuliokuwa tunajua tungeweza kusahihisha. Tulikuwa tumejaza biskuti mdomoni, na kusema kweli tulitaka kuona itaishia wapi.

Iliishia ofisini kwa Meneja, kesho yake. Katibu muhtasi ametusimulia mara nyingi. Mzee alishukuru, akaeleza kwamba pengo alilolisema liko rafuni, si mdomoni, halafu, kwa kuwa maji alikwisha kuyavulia nguo, akaapa hapohapo kwamba la mdomoni haliguswi mpaka la rafuni lizibwe. Meneja alicheka hadi katibu akaingia na glasi ya maji. Alipomaliza kucheka alifanya jambo ambalo hakuna bosi aliyewahi kulifanya: alivuta kiti akataka aelezwe kuhusu rafu. Mzee alitoka na ruhusa ya kujaribu mara moja ya mwisho.

Hivyo mapengo mawili yakawa na tarehe moja. Bima ya matibabu hukoma siku mtu anapostaafu. Rili isipofika rafuni kabla ya Juni kwisha, mzee angeondoka na yote mawili. Mkewe, mwalimu wa chekechea, hakufurahishwa hata kidogo. Alitueleza kwamba mume wake ameweka jino rehani kwa samaki, tena samaki ambao hata kuwavua hajui.

Safari hii alisikiliza watu. Gia tu ndizo zitakuwa za chuma. Mwili uwe mwepesi, usio na urembo wala rangi ya dhahabu, ili bei ishuke. Sampuli ya kwanza ilivunjika mkono. Ya pili ilikaza mshipi ikakataa kuuachia. Ya tatu ikachelewa. Mkutano wa Mei ulipofika kwenye mengineyo, mzee alibaki amekaa. Hakuna aliyegusa kikombe. Sikujua kwamba ningeweza kuikosa sentensi ile, lakini niliikosa.

Jioni hiyo, jukwaani pale anaposimama kunivuta, aliniambia bila mzaha wowote kwamba haogopi kustaafu. Anachoogopa ni kukutana na dada muuguzi juu ya mawe Jumapili, akiwa amestaafu na bado hana jibu.

Sampuli ya tatu ilifika Juni ikiwa tayari imeanza. Nilivaa mkanda, tundu la mwisho halikunitosha tena, tukaunga kwa kamba. Ofisi nzima ilitoka uani, hata Meneja, mikono mfukoni. Nilikimbia. Nilipinda, kama nilivyofundishwa. Rili ikaachia mshipi kidogokidogo ikilia kwa sauti nyororo, halafu ikashika. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia hatua chache kabla ya geti, kifudifudi. Mzee akanivuta hadi jukwaani, nami sikuwa naigiza tena.

Nilipofika aliifungua rili kwanza. Meno yote yalikuwemo. Ndipo akanifungua mimi mdomo, na huko hesabu haikutimia. La mbele, juu.

Rili ile sasa ipo kwenye rafu ya katikati, ambako zamani tuliweka vumbi. Wa kwanza kuinunua alikuwa dada muuguzi. Jumatatu iliyofuata alirudi, na kwa mara ya kwanza hakuja na rili iliyovunjika. Alikuja na picha: yeye, amelowa hadi kiunoni, amekumbatia kolekole kwa tabu. Mzee Pengo aliitazama picha ile, akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa chafu. Kisha akaomba ruhusa ya mchana, akaenda kwa daktari wa meno. Dada muuguzi, katika kushukuru kwake, alitaja tu kwamba mkono wa rili uko upande wa kulia na yeye hutumia mkono wa kushoto, ila amezoea, vitu vyote ndivyo vilivyo.

Ijumaa jioni nilimsindikiza mzee getini. Alikuwa na boksi la vitu vyake, bisibisi juu. Jino jipya lilimkaa vizuri, lilimpunguzia miaka. Akaweka midomo sawa, akapuliza. Ukatoka upepo. Akajaribu tena, ukatoka upepo. Mlinzi, ndani ya kibanda chake, akafunua ukurasa wa pili wa gazeti. Mzee aliliangalia geti, kisha akaniangalia mimi.

Nikapiga mluzi. Geti likafunguka.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa uvumilivu wako na kwa kutuchekesha hata siku ambazo wewe mwenyewe hukuwa na la kuchekea. Tunakutakia mapumziko yenye afya, subira ya mama mwalimu, na siku moja, samaki wa kweli. Amri yako nimeitii: sijaandika kwamba umeacha pengo. Nasema tu kwamba mimi ninalo, kwamba nimemwomba daktari wa meno asubiri kidogo, na kwamba mkutano wa Julai ukifika kwenye mengineyo nitasimama kuzungumzia watu wa mkono wa kushoto. Siku yoyote utakayotutembelea, ukifika getini usijisumbue kupuliza. Gonga tu kidogo. Nitasikia.