Bwana Harusi wa Spana Namba Kumi

Mwaka 1952 mvua zilipita kiasi, na tarehe 3 Machi, siku aliyozaliwa mdogo wangu, barabara ya kwetu ilikuwa imekatika, hivyo mkunga alifika kwa miguu, akakuta mtoto ameshamtangulia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1970, kisha chuo cha ufundi wa ndege, na tarehe 1 Februari 1974 aliajiriwa katika karakana ya uwanja wa ndege, alikohudumu hadi kustaafu mwaka 2012.

Katika karakana ile kila kifaa kilichorewa umbo lake ubaoni, na nafasi moja ikibaki tupu, ndege hairuki. Jumamosi, tarehe 14 Juni 1980, ndoa yake ikiwa imepangwa saa nne asubuhi, aliingia kazini alfajiri kukabidhi ndege moja tu, akakuta nafasi ya spana namba kumi iko wazi. Msimamizi alimsihi aende zake, wenzake wangeitafuta, lakini sahihi ya kuiruhusu ndege ilikuwa yake, naye alikataa kuitia, akakataa pia kuondoka. Abiria waliteremshwa, injini ikafunguliwa.

Habari za spana zilipofika ukumbini, mjomba wa bibi harusi alisimama akasema, "Kama ameoa ndege, atuambie turudi makwetu," na baadhi ya wakwe wakaanza kukusanya mikoba. Bibi harusi alimjibu, "Mjomba, kaa tu. Asiyeiacha spana nyuma hataniacha mimi."

Spana ilipatikana ndani ya injini, nyuma ya pampu ya mafuta, alikoisahau fundi mwenzake, na ndoa ikafungwa saa kumi na moja jioni, bwana harusi akiwa na grisi kwenye kola. Tangu hapo karakana nzima ilimwita Bwana Harusi, hata alipokuwa babu.

Walijaliwa binti mwaka 1982 na kijana mwaka 1985, na baadaye wajukuu watano.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, akafariki hospitalini Jumatatu, tarehe 23 Oktoba 2023, mkewe akiwa kando yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuachia milango wazi, na mafundi wenzake, akiwemo yule aliyeisahau spana, ambaye leo amebeba jeneza.

Lala salama, mdogo wangu, ubao wako umejaa, hakuna nafasi iliyo wazi.

Mjane ameniagiza niitaje hesabu bila kuikadiria: ndoa yao ilidumu miaka arobaini na mitatu, miezi minne na siku tisa, kasoro saa saba za spana.