Papa Faradji na Mkono wa Kijani Mlangoni

Tarehe 31 Agosti Papa Faradji anakwenda pansheni. Kwa miaka ishirini na saba ameosha gari la maternite yetu, nyumba ya kuzalia, hapa Kasongo, na mimi, Mama Régina wa jikoni, nimemchunga karibu miaka hiyo yote. Shule sikuiona, basi mimi nasema na Emilienne anaandika. Asipunguze kitu.

Mwanzoni nilijua ni mwizi. Mutu gani anaosha gari moja tangu asubuhi hadi jua la utosi? Nikasema, huyu anaiba mafuta. Nikahamisha kinu changu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, mpaka karibu na gereji, nikawa natwanga huku jicho liko kwake. Sikumkamata. Niliona tu mwanaume anayeshuku vitu vingi kuliko mimi. Alishuku jua, kwa hiyo gari aliliosha kivulini. Alishuku maji ya mto, akayaacha ndooni mpaka mchanga ulale chini. Matope ya njia ya Kabambare hakuyasugua hata kidogo. Aliyamwagia maji kutoka juu mpaka yaanguke yenyewe. Kitambaa cha magurudumu hakikukaribia milango. Na vile vitambaa laini vya watoto nilivyompa, kila kimoja alikipitisha kwanza shavuni mwake, asije akakuta chembe ya mchanga. Nilimcheka: unambusu nani hapo, Papa?

Mtu asiyejua njia zetu atasema rangi ni mapambo. Kwenye milango yote miwili ya gari letu umechorwa mkono wa kijani uliobeba mtoto. Wenye bunduki kwenye bariera, pale wanapofunga njia, hawasomi karatasi, ila mkono ule wanaujua. Gari bila mkono ni gari la wizi, na gari la wizi halipiti.

Sasa nafika kwa Antoine, mlinzi wetu wa mlango. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Kindu, naye akataka gari ling'ae. Alichukua mchanga na majivu, akasugua mlango wa kushoto kama tunavyosugua sufuria iliyoungua bugali. Ukang'aa kweli, siku hiyo tu! Mkono wa kijani ulibaki vidole viwili. Alipokuwa anazunguka kwenda upande wa pili, Papa Faradji akatokea. Nilimsikia kutoka jikoni.

"Weye Antoine! Hii si sufuria ya mama yako!"

"Lakini Papa, angalia inavyong'aa!"

"Hata mfupa unang'aa, nyama ikiisha! Weka mchanga chini!"

Rangi ya kurudishia ilikuwa bado haijafika, na wiki ileile mjukuu wangu Amisa akashikwa na uchungu kule Kabambare. Mtoto alikaa vibaya, lazima apasuliwe huku Kasongo. Gari likaenda kumchukua, na Papa Faradji akapanda ili asaidie kusukuma kwenye matope. Wakati wa kurudi, kwenye bariera, wakaona mlango wa kushoto.

"Alama mmeifuta wenyewe. Gari hili mmeliiba wapi? Shukeni wote!"

Amisa anasema alikuwa ameanza kukata roho. Papa Faradji alishuka taratibu, mikono juu.

"Baba, zunguka upande huu. Shuku, ni haki yako. Lakini shuku milango yote miwili."

Mkubwa wao akazunguka. Akakuta mkono mzima, na mtoto ndani yake. Akaukwaruza kwa ukucha aone kama ni rangi ya jana. Haukubanduka. Akafungua njia. Mtoto wa Amisa tunamwita Sarah-Grâce, na kelele zake mnazijua nyote.

Sasa wakubwa wamesema atakayeosha gari ni Antoine. Antoine wa majivu! Mimi nilikataa mbele ya watu wote. Papa Faradji alikataa kimyakimya. Jumamosi iliyopita nilimkuta amejibanza nyuma ya jiko langu, anachungulia. Nikajibanza naye.

Antoine alimwaga maji kutoka juu. Sawa. Akaanza kufuta, na kitambaa kikamponyoka, kikaanguka chini kwenye mchanga. Papa Faradji akanishika mkono hata nikaumia. Antoine akakiokota. Akakitazama, akautazama mlango, kisha akakitundika uani, akachukua kingine kisafi. Akakipitisha shavuni.

Papa Faradji akatoka mafichoni, akavua buti zake za mpira, akaziweka kando ya ndoo, akaenda zake nyumbani miguu mitupu.

Papa Faradji, maternite nzima inakushukuru, na Amisa na mtoto wake kuliko sisi sote. Nenda ukalime karanga zako, ulale mchana bila aibu, Mungu akupe mgongo usiouma. Na Jumamosi ukisikia kinu kinagonga karibu na gereji, lala tu. Ni mimi, namchunga.