Kalenda Tupu ya Mheshimiwa Haugstad

Disemba ikiingia, benchi la nje ya duka la ushirika la Bredal huhamishiwa ndani, kando ya hita na birika kubwa la kahawa, na wenye benchi huhamia nalo. Asubuhi hiyo walikuwapo watatu: Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu chochote ila watu, Dizeli, mwenye trekta lisilozimwa, na Uvumi, aliyestaafu kusambaza barua lakini si habari. Juu ya vichwa vyao ilining'inia kalenda ya Verlin Haugstad, na Kaylin Brandvold, mtoto mmoja ubavuni na mwingine tumboni, aliiona kabla hata hajafunga mlango. Ilikuwa nyeupe pe. Hakuna jina hata moja.

Kila mwaka ni hivyo hivyo: Haugstad, mfugaji kama wao, huenda mji mkuu Januari kukaa kwenye bunge la jimbo, na ndiyo miezi ng'ombe wanazaa, basi majirani huandika majina yao kwenye kalenda, kila mtu na siku yake zizini kwake. Miaka kumi na miwili kalenda imejaa. Safari hii alishasema pale kanisani, isipojaa kufikia Ijumaa anajiuzulu, hawezi kuacha ndama wagande. Na leo ndiyo Ijumaa, na Februari bunge linapiga kura wodi ya uzazi ya Bredal ibaki au ifungwe, na hospitali nyingine iko maili tisini za theluji, na huyu wa ubavuni alizaliwa wa bluu, kitovu kimemzonga shingoni, daktari akiwa mlango wa pili tu. Kaylin alijimiminia kahawa ili mikono ipate kazi.

— Mheshimiwa, mheshimiwa, Dizeli alikuwa akisema. Huyo nimemvuta kwenye matope mara tatu. Leo kiatu chake unajiona humo.

— Na lami je? Jaji akadakia. Imefika getini kwake ikachoka.

— Ana meno mapya pia, alisema Uvumi. Yote.

Jaji alikuwa amegombea naye ubunge mara moja akashindwa kwa kura kumi na moja, na bado alizikumbuka moja moja. Shangazi yake, alieleza tena, siku ile alikuwa na mafua. Dizeli akasema ile picha yake na gavana imetundikwa sebuleni palipokuwa na picha ya mama yake. Uvumi akainama, akashusha sauti: Haugstad anataka sanamu pale njia panda, juu ya farasi.

— Hana farasi, alisema Dizeli.

— Ndiyo ujue wakubwa walivyo, alisema Uvumi. Shingo yake imeshapimwa.

— Akae kwake mwaka mmoja, alisema Jaji. Tuone kama dunia itasimama.

Kaylin alitaka kunyamaza, wazee hawa wamemjua tangu anatambaa, lakini maneno yakamtoka yote kwa mpigo.

— Babu Jaji, samahani, mimi naomba kuuliza tu, hiyo wodi, yeye asipokwenda, nani atatupigia kura?

Dizeli alimtazama Jaji.

— Mimi nilidhani wewe umeshaandika, alisema Dizeli. Nikasema basi, hana haja yangu.

— Nami nilisubiri mwandike ninyi, alisema Uvumi, nipate la kusema.

Uvumi akaliinamisha birika. Kikatoka kijiko kimoja cha mashapo, halafu hewa. Mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyemkataza.

— Wanaanza kuzaa lini, hao ng'ombe wake? Jaji aliuliza mwishowe, bila kumtazama Kaylin.

— Tarehe tisa Februari, babu. Wiki yangu ya kujifungua.

Jaji aliinuka, magoti yakalia, akaivuta kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akaandika jina lake tarehe tisa, kwa herufi kubwa. Kisha kumi. Kisha akapiga mstari hadi mwisho wa mwezi, akampa Dizeli kalamu ashike Machi.

— Aende, alisema. Lakini akirudi na hayo meno yake, aambiwe ng'ombe wake wamezalishwa na nani.