Aliyekataa Kusaini Mchoro

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne wa mama yetu fundi cherehani na baba yetu karani wa posta. Alikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Akiwa na miaka saba alichukua karatasi ya kipimo cha mkono, akaiweka juu ya ile ya bega, akasema, "Mama, hii haiingii humu." Mama alikuwa ameshakata kitambaa, na mtoto alikuwa amesema kweli.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2003 akahitimu chuo katika kompyuta. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo kazi yake naieleza kama alivyonieleza jikoni: "Dada, kabla programu haijaandikwa, mimi naichora. Visanduku ni vitu, mishale ni safari zake." Kila idara aliichorea kwenye plastiki inayopitisha mwanga. Halafu aliibandika michoro kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine, aone kama inakubaliana. Ofisini wakamwita Bibi Mishale. Walidhani wanamtania, yeye akaliandika jina hilo kwenye kikombe chake.

Tarehe 9 Juni 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme. Shemeji husema hata harusi aliichora, "na mimi nikawa kisanduku cha mwisho, baada ya viti vya kukodi."

Mwaka 2019 kampuni aliyofanyia kazi ilitengeneza programu ya hospitali. Alipounganisha mchoro wa wodi na wa duka la dawa aliona kosa: duka la dawa lilimtambua mgonjwa kwa kadi, wodi kwa namba ya kitanda. Mtu akiruhusiwa asubuhi na mwingine akalazwa hapo mchana, dawa za wa kwanza angepewa wa pili.

"Mama, saini mchoro," meneja alimwambia. "Tunazindua Jumatatu."

"Kitanda hakinywi dawa, bosi. Sisaini."

"Wenzako wote wameshasaini."

"Basi hao ndio watakaoongea na ndugu wa marehemu."

Siku hiyo hiyo alihamishiwa kitengo cha kupokea simu. Kesho yake alizipeleka plastiki zake mbili kwa muuguzi mkuu wa hospitali hiyo. Yule mama alizitazama dirishani, akasimamisha uzinduzi. Kosa lilirekebishwa. Siku ya sherehe yalisomwa majina ya waliotengeneza programu. La kwake halikuwemo.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alilazwa hospitali hiyo hiyo, akavumilia kwa sala, na kila dawa ilimfikia kwa jina lake. Aliitwa na Mungu tarehe 20 Mei 2024, saa nane mchana.

Juzi alikuja mtu wa ofisini kwake, kwa upole, akaniomba niiondoe habari ya hospitali kwenye tanzia hii. Nilimmiminia chai nikamwambia, "Mwanangu, nimeshapeleka kuchapishwa." Mungu anisamehe, nilikuwa bado. Nilipeleka alipoondoka.

Ameacha mume, binti mmoja, mapacha wa kiume, mama yetu na sisi ndugu zake watano.

Mungu ampe pumziko jema. Programu ile aliichora yeye, na sasa hilo limeandikwa.