Cherehani ya Wifi Yangu Haikula Stima

Ndugu zangu, mnivumilie. Nimeomba kusema kabla hatujaanza mambo ya akiba, maana nikingoja sitasimama tena.

Mnakumbuka mwaka jana, nikiwa nimekaa pale karibu na dirisha, niliwaambia kwamba nyumbani kwangu Masese kuna mtu ananiibia stima. Sikutaja jina, lakini nyote mlijua namsema mjane wa kaka yangu. Mama mmoja akanishika bega akasema, "Pole, dada, umebeba mzigo." Nikafurahi kuonewa huruma. Naona aibu hata kukumbuka nilivyofurahi.

Wacha nieleze ilivyokuwa. Kaka yangu alipofariki, wifi alibaki na binti mdogo na cherehani moja ya umeme. Nikawachukua, nikawapa chumba cha nyuma. Wiki hiyo hiyo, kwa sababu wageni wa msiba walikuwa bado wanakuja, nikaona vibaya kuwapa maji yasiyo baridi. Nikaenda mjini Jinja nikanunua friji iliyotumika, ndefu, nyeupe. Raba ya mlango ilikuwa imechanika, nikaufunga mlango kwa kamba. Nani angeangalia raba? Watu waliingia, wakaiona friji, wakanisifu.

Basi stima ikaanza kuisha. Yuniti za umeme zilizokuwa zikinitosha mwezi mzima zikawa hazifiki wiki ya pili. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Si ndiyo iliyokuwa inapiga kelele mchana kutwa? Friji ilikaa kimya kwenye kona yake, kitu cha heshima.

Siku moja wifi alikuwa anashona sare za shule, mteja wake amekaa kwenye mkeka. Nikaingia, nikachomoa waya ukutani.

"Hapa si kiwanda," nikamwambia.

"Wifi, kama ni stima, nitanunua yuniti zangu mwenyewe."

"Utanunua na nini? Hata hiyo stima unayoshonea sasa ni ya wizi."

Nilisema hivyo mbele ya mteja, na mbele ya binti yake. Alikunja kile kitambaa polepole, akafunika cherehani. Siku ya tatu akarudi kwao Busiu, upande wa Mbale. Na mimi nikaja hapa kuwaambia kwamba nimepumzika.

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, stima iliendelea kuisha vile vile. Nikasema labda aliharibu mita kabla ya kuondoka. Jamani! Mtu ameshakwenda, na bado namsingizia.

Halafu soketi ya jikoni ikaungua. Akaja fundi, mwanamke, mtu wa maneno machache. Alipomaliza nikamlalamikia habari ya wifi na cherehani yake. Akaniuliza, "Mama, uliwahi kupiga hesabu?"

"Hesabu gani?"

Akanivuta nyuma ya friji, akanionyesha kibati kilichoandikwa wati. Akasema, chukua wati, zidisha kwa saa ambazo kitu kinafanya kazi, halafu gawa kwa elfu moja. Hizo ndizo yuniti zako. Cherehani ya namna ile ni wati mia. Ikishona saa tano, ni nusu yuniti tu. Nusu! Akanigeukia: "Na maji ya kuoga unachemsha na nini?" Nikamwonyesha koili yangu ya kutumbukiza kwenye ndoo. Wati elfu mbili. Mimi huiweka nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Hiyo ni yuniti mbili kila siku, na ni mimi peke yangu ninayeoga maji ya moto.

Ikabaki friji. Wati mia mbili. Akasema friji nzima hupumzika, baridi ikitosha mota inazima. Yangu, kwa ile raba, baridi ilikuwa inatoka nje, mota hailali. Saa ishirini na nne. Nilipiga hesabu mwenyewe kwa kidole kwenye vumbi la juu ya friji: karibu yuniti tano kwa siku. Nikarudia mara tatu nikitafuta kosa. Kosa halikuwa kwenye hesabu.

Sasa sikieni lililo baya zaidi. Nilijua, na nikanyamaza. Nilikuja kwenye vikao viwili hapa, nikakaa, nikanyamaza. Katika kikao cha pili mmoja wenu akanitania, "Vipi yule mwizi wako wa stima?" Nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu! Nikatoka hapa, nikashika ukuta wa duka la jirani nikatapika.

Kesho yake nikaenda Busiu. Nilimkuta wifi barazani kwa mama yake, anapinda shuka kwa mkono. Binti aliponiona akaingia ndani. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, friji, koili, hesabu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sirudi kwako."

"Basi nikufanyie nini, wifi?"

"Ulinisema mbele ya watu. Mimi huku umeniomba msamaha tukiwa wawili. Hao watu nani atawaambia?"

Nilimsihi aniombe kitu kingine chochote. Akaendelea kupinda shuka.

Ndiyo maana nimesimama. Namshukuru yule fundi, aliyenifundisha nikiwa mtu mzima jambo ambalo ningeweza kulisoma kwenye kibati. Namshukuru mama yake wifi, aliyenipa chai siku ile ingawa sikustahili hata maji. Na ninyi, mkifika nyumbani, geuzeni vyombo vyenu, someni wati, pigeni hesabu kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Wifi sasa amepanga chumba Mbale mjini na anashona. Wale mlioondoa vitambaa vyenu kwake alipokuwa Masese kwa sababu ya maneno yangu, mnajijua, na siwalaumu. Mimi ndiye niliyewadanganya. Mlipomsikia akisemwa mara ya mwisho hapa, alisemwa kwa ubaya. Wifi yangu hakuniibia kitu. Tafadhali, mkitoka hapa, lisemeni hilo kwa sauti ile ile mliyolisemea lile la kwanza, la wizi.