Nusu ya Mjusi

Siku hiyo mjinga alikuwa Kipkurui mwenyewe, na wala hakubisha. Mkewe akiwa kazini, alijitolea kumpikia mama mkwe, akakata kabichi bila kutenganisha majani. Mama alikula sahani mbili, akashukuru. Kipkurui alipokuja kufunika kipande cha kabichi mbichi kilichobaki, alikuta nusu ya mjusi imelala humo. Nusu ya nyuma.

Sasa alikuwa anamsindikiza nyumbani Longisa. Ndani ya matatu mama alikaa mbele na dereva, yeye nyuma, jasho likimtoka kama aliyevaa aproni ya plastiki ya kuchumia chai juani. Akamnong'onezea jirani yake, Dolphine, muuza mboga aliyepakata gunia la managu.

"Na ile nusu ingine?" Dolphine akauliza.

"Si ndiyo nakuambia! Sufuria niliosha, hakukuwa na kitu."

"Woi! Basi iko kwa tumbo ya mama. Mwambie, ndugu yangu. Hospitali ndiyo hiyo tunaikaribia."

"Nimwambie nilimlisha mjusi? Atarudi kumchukua binti yake leo leo."

"Na akianguka hapo akishuka?"

Kipkurui aliichungulia shingo ya mama mkwe, akaiona kama imevimba kidogo. "Labda mjusi hana sumu," alisema.

Gari likasimama. Mama mkwe alifungua mlango, akageuka polepole.

"Hicho kichwa nilikitema mchana, Kipkurui. Nilikuwa nangoja mkwe wangu aniambie mwenyewe, kumbe anamwambia muuza mboga."