Mwiko wa Samaki na Unga wa Kopo

Mama zangu na dada zangu, nawasalimu kwa amani. Mliotoka Kakuyuni asubuhi hii, poleni kwa safari. Mimi si msemaji. Kikundi hiki chetu cha wafiwa kinanijua kama yule mama wa karibu na mlango, asikilizaye, ambaye sauti yake husikika chai ikiletwa, akiulizia sukari. Lakini leo mmeniomba niseme, nami nimekubali, kwa sababu jambo lenyewe nalionea fahari. Ni habari ya miguu yangu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, kabla ya masika. Nilikaa eda nyumbani kwangu hapa Muyeye kama inavyompasa mjane wa Kiislamu: hujipambi, hutoki bila dharura, mpaka muda utimie. Ila nisiisingizie eda. Dini haikuniambia nisiondoke kitandani, wala haikuniambia nishinde na chai ya mkandaa isiyo na maziwa na kipande cha mkate. Hayo niliyafanya mwenyewe, kwa sababu kila nilipoingia jikoni nilikiona kikombe chake. Majirani walileta sahani zilizofunikwa, Mungu awalipe. Nilifunua, nikashukuru, nikafunika tena.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, dada yake marehemu. Mnamjua kwa maneno yake. Yeye huomboleza kwa kusema, mimi huomboleza kwa kunyamaza, na ndiyo maana tulielewana.

Eda ilipokwisha nilikuwa nimekonda. Watu walisema ni huzuni, itapita. Mimi niliona mapaja yangu yamekwisha, ngozi imebaki imening'inia kama nguo ya kuazima, lakini sikujua maana yake mpaka siku moja ya sala ya adhuhuri. Nilisujudu, paji la uso likagusa mkeka. Nilipotaka kuinuka, magoti yakakataa.

Wifi alikuwa kibarazani. Akaniita, "Wifi, wasali au umelala?"

Sikuweza kumjibu, maana nilikuwa bado ndani ya sala. Akaja, akasimama mlangoni, akanitazama.

"Kumbe umekwama," akasema. "Nami nasema, huyu leo ana dhambi nyingi kiasi gani."

Akanishika makwapa akaniinua. Tulicheka siku ile. Lakini ikatokea tena, na tena, mwisho nikaletewa kiti, nikawa naswali nikiwa nimekaa.

Ninyi mlio wa kanisani mtanisamehe, nitaeleza kidogo. Sijda ni pale mtu anapoweka paji la uso chini. Tumefundishwa kwamba hapo ndipo mja huwa karibu zaidi na Mola wake, na hapo ndipo pa kuomba dua. Mwenye udhuru akiswali kitini, sala yake ni sala, haina upungufu. Nalisema hili wazi ili mwenye kiti humu ndani asiumie. Lakini mimi nilikuwa na haja yangu. Maiti hana anachongoja kwetu isipokuwa dua, na mume wangu nilitaka kumwombea nikiwa chini, kwa muda nitakao mimi. Kitini nilikuwa najiinamisha kidogo tu, na maneno yanaishia shingoni. Zamani zile za mkekani nazo, kabla ya kiti, nilikuwa naharakisha kwa hofu ya kukwama. Basi hilo ndilo nililolitaka, ndugu zangu. Sikutaka kurudi usichana. Nilitaka kwenda chini na kurudi juu bila kumwita mtu.

Sasa, dada yangu ana binti anayekaa Kibarani, kule Kilifi. Ni msichana wa mazoezi, hubeba vyuma. Alikuja kunitazama, akaamkia, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akatoa kopo kubwa kwenye mfuko.

"Mama mdogo, huu ni unga wa protini. Sisi wa mazoezi twautumia. Utakusaidia kurudisha misuli."

Alisema na mengine, lakini mwenye msiba husikia neno la kwanza tu, tena gari lake lilikuwa likimngoja. Kopo lenyewe lina maandishi madogo ya Kiingereza, nami shule yangu iliishia darasa la nne. Wifi akalichukua, akalitazama. Lilikuwa na picha ya mwanamume kifua wazi, mikono kama mashina ya mnazi.

"Huyu ndiye aliyeunywa?" akauliza.

"Ndivyo inavyoonekana."

"Haya, kunywa kwa adabu. Ukiota ndevu, harusini sitakwenda nawe."

Nawaambia, hapa ndipo nilipopotea, na sidhani mtu wa mahali pengine angepotea kwa njia hii. Kwetu dawa yenye nguvu ina mwiko. Wifi aliwahi kutibiwa mgongo kwa dawa za miti, na mganga alimkataza samaki, mayai na maharage hadi dawa iishe, ili isiharibike. Akaniambia, "Unga wenye nguvu za kumfanya mtu awe hivi, haiwezekani ukose mwiko. Tusiubahatishe." Nikaona ni kweli. Nikaacha samaki. Nikaacha mayai. Maharage na mbaazi za asubuhi nikaziaga. Nikawa nakula sima kwa mchicha, au wali kwa mchuzi wa nazi mtupu, na unga wenyewe naunywa kama dawa ya kikohozi: kijiko cha chai asubuhi, mchana na jioni, kwa maji ya moto. Kisha nalala chali nangoja nguvu zije.

Msicheke sana. Humu ndani kuna ambao wangefanya vivyo hivyo.

Nilifuata mwiko ule kwa uaminifu kuliko nilivyowahi kufuata jambo lolote. Jirani akikaanga samaki, nafunga dirisha. Na kila wiki nikawa dhaifu kuliko wiki iliyopita. Nikajiambia labda nimevunja mwiko bila kujua, labda sufuria ilipikiwa dagaa, nikaisugua kwa mchanga.

Asubuhi moja upawa uliniponyoka jikoni. Nikachuchumaa kuuokota, nikaishia kukaa sakafuni, na hapo nikabaki. Wifi alikuwa amekwenda sokoni. Nilijaribu kushika mguu wa meza, meza ikanifuata. Nilijaribu kutambaa hadi ukutani, mikono haikunibeba. Nikakaa pale kwenye saruji, naona maji ya chungu yanakauka motoni na siwezi kuuzima moto. Wifi aliporudi alitua kikapu, akazima jiko, akaniinua, akanikalisha. Hakutania. Ndugu zangu, siku ile wifi yangu hakutania, na hapo ndipo nilipoogopa.

Akampigia simu yule binti wa Kibarani. Akaja siku iliyofuata. Kwanza alinipeleka kwa daktari, nikapimwa damu, sukari na figo. Daktari akasema sina ugonjwa anaouona ila njaa na kukaa, na unga wa protini hautanidhuru nikiutumia kwa kipimo chake. Kisha binti akanipeleka kwa mama mmoja kijana anayefundisha wanawake mazoezi katika ukumbi, hapa hapa Muyeye, mlango umefungwa, hakuna mwanamume. Sisi humwita kocha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa unatumia unga. Pamoja na chakula gani?"

"Sima na mchicha. Siku nyingine wali na mchuzi."

"Mchuzi wa samaki?"

"Hapana, samaki ni mwiko."

"Mwiko wa nini, mama?"

"Wa huo unga."

Akamtazama binti wa dada yangu, naye akaziba uso kwa mikono. Kocha angeweza kunicheka, na singemlaumu. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama, ule si dawa. Ni chakula. Umetolewa kwenye maziwa. Protini iliyomo ndiyo ile ile iliyomo kwenye samaki, mayai na maharage. Wewe umekitupa chakula chote cha kujenga mwili, ukabaki na vijiko vitatu vya chai."

Wifi, ambaye alikuja nasi, akasema polepole, "Basi mwiko umemkataza tiba."

"Na mazoezi je?" kocha akaniuliza. "Unafanya nini baada ya kuunywa?"

"Nalala, ili ufanye kazi."

Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, na wifi akacheka hadi akashika ukuta. Sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba. Kisha kocha akaniambia maneno niliyoyashika. "Mama, umeona nyumba ikijengwa. Mawe ni samaki wako na mbaazi zako. Unga huu ni nyongeza tu, ni chokaa ya kuziba pengo pale mawe yanapopungua. Na mazoezi ndiye fundi. Chokaa ikimwagwa kiwanjani, hakuna mawe, hakuna fundi, utapata nyumba?"

Nikamuuliza habari ya yale makopo mengine madukani, yanayoahidi nguvu kwa wiki moja. Akasema, "Hayo yaache huko huko dukani."

Tukaanza. Samaki alirudi nyumbani mchana ule ule, changu wa kupaka tui, na wifi aliniwekea kichwa na mkia kana kwamba nimetoka safari. Asubuhi mbaazi au mayai. Usiku maharage au kunde. Na baada ya mazoezi, kipimo kimoja cha unga, kile kijiko kikubwa kilichomo ndani ya kopo ambacho mimi nilikuwa nimekiweka kando nikidhani ni cha kuchotea tu, si kipimo, nachanganya na maziwa baridi.

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya vyuma. Yalikuwa ya kukaa na kuinuka. Nilianzia kitandani, kwa sababu kiko juu. Nakaa, nainuka, mikono nimeikunja kifuani. Nilipokiweza kitanda nikahamia kitini na mito miwili juu yake. Kisha mto mmoja. Kisha kiti kitupu. Nikabeba madumu ya maji, nusu nusu, huku na huku, natembea ukumbini kama mchukuzi. Nikasukuma ukuta. Mapaja yaliuma hadi nikashuka ngazi za choo cha nje nikitanguliza mgongo. Kulikuwa na siku nilikataa kwenda. Wifi akasema, "Vizuri, kaa. Mimi nitakwenda kubeba madumu yako, halafu nitarudi nikubebe na wewe." Nikavaa buibui nikaenda.

Nisiseme uongo kuhusu unga. Ulinisaidia. Asubuhi nyingi tumbo langu lilikuwa bado limefunga, sikuweza kutafuna, na glasi ile ilipita. Lakini ulinisaidia siku zile zile nilizokula na kufanya kazi. Siku nilizokaa bure, ulikuwa maziwa tu.

Baada ya kiti nikashuka kwenye kigoda. Baada ya kigoda, mbuzi ya nazi. Mnajua kibao kile kilivyo chini. Siku niliyoinuka kwenye mbuzi bila kugusa ukuta, nilikuna nazi mbili ambazo hazikuhitajika. Nakaa nakuna, nainuka. Nakaa tena.

"Wifi," nikasikia sauti, "kuna harusi hapa leo mimi sikualikwa?"

Na baada ya mbuzi ya nazi, dada zangu, hakuna kilichobaki ila ardhi.

Sikumwambia mtu. Ilikuwa sala ya dhuha, ile ya sunna tunayoiswali asubuhi jua likishapanda, nyumba imetulia. Nikakiondoa kiti, nikakipeleka chumba kingine ili kisinishawishi. Nikatandika mkeka. Sijda ya kwanza nilikwenda chini nikarudi. Ya pili pia. Magoti yalilalamika lakini yalitii. Ya mwisho nilipokwenda chini, nikabaki.

Nikamtaja mume wangu kwa jina lake. Nikamwombea nafasi kaburini na nuru. Nikasema na mengine, ambayo ni yake na yangu. Machozi ambayo hayakutoka eda nzima yakatoka, yakalowesha mkeka. Na sikuharakisha. Nataka mlisikie hilo, maana ndilo nililolihangaikia muda wote ule. Sikuharakisha, kwa kuwa nilijua nikimaliza, nitainuka. Nilipomaliza, niliinuka.

Wifi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Nilikuja kukuvuta," akasema. "Naona umenifuta kazi."

Akageuka akaenda jikoni, nami nikamsikia akipenga kamasi. Mume wangu alikuwa ndugu yake pia.

Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru binti wa dada yangu, aliyeleta kopo na akarudi kurekebisha nilichokiharibu nalo. Namshukuru daktari aliyenipima kabla sijaendelea, na kocha aliyeniuliza nakula nini badala ya kunicheka. Namshukuru wifi yangu, ambaye najua amekaa huko nyuma na ana la kusema. Alinipa mwiko, kweli, lakini ni yeye aliyeuvunja wa kwanza kwa kununua yule samaki changu.

Funzo langu ni dogo. Ukiletewa kitu cha kukusaidia, uliza kwanza ni kitu gani, na kinataka kuandamana na nini. Usikifanye kizito kuliko kilivyo, na usikiachie kazi yako. Na wewe uliyefiwa, hasa wewe mpya uliyekuja leo mara ya kwanza, funua ile sahani ya jirani ule. Huzuni itakungoja umalize. Haina pa kwenda.

Mmeona nimekaa hapa mkekani nanyi tangu tuanze, na kiti changu nimempa mgeni. Basi nimemaliza, na sasa nainuka. Tafadhalini, mtu asinishike.